Hitma ya Aliye Hai

Nimepika hitma nyingi Chumbageni hata hesabu imenipotea, lakini moja niliipika nikijua kwamba anayesomewa yu hai, na jana yake tu alikuwa ameniuliza kwenye simu kama mvua imenyesha Tanga. Huyo ni mdogo wangu, Luqmani. Kilo themanini za mchele, mbuzi wanne, na mimi nimesimama uani na mwiko mkononi, machozi ya moshi yananitoka, wanawake wananipa pole. Nikazipokea zile pole zote. Naanza na hilo ili usije ukadhani baadaye kwamba nilikuficha.

Mimi ni Hasina, mpishi wa shughuli. Ukiniona naingia uani kwako na masufuria yangu, ujue watu mia mbili watakula. Kukaa sijui. Mume niliyeachana naye alikuwa akisema kuishi nami ni kama kuishi na kuku anayetafuta pa kutagia, na katika maneno yote aliyonisema, hilo tu lilikuwa la kweli.

Jumamosi ile simu ilipolia nilikuwa nasugua sufuria ambalo nilikwisha kulisugua asubuhi. Alikuwa Praxeda, dada mmoja wa Bukoba anayeishi huko Ulaya alikokimbilia Luqmani, akimfanyia ukalimani wakili wake. Nchi yenyewe siitaji. Luqmani bado anakaa huko na mimi bado nakaa hapa.

"Dada Hasina, umekaa?"

"Sijakaa. Sema."

"Ombi la Luqmani la hifadhi wanataka kulikataa. Walimtuma mtu Tanga kuulizia habari zake."

Nikamkumbuka huyo mtu. Mwezi uliopita alipita mtaani bwana mmoja kutoka Dar, ana begi la kompyuta na viatu visivyojua mchanga, akasema anafanya utafiti wa maisha ya vijana. Siku mbili alikaa kwenye kijiwe cha kahawa cha Miraji, akawanunulia watu kashata. Akauliza, Luqmani Shekhe mnamjua? Wakamjibu, tunamjua, Mungu amrehemu. Akauliza, alikuwa mtu wa namna gani, alikuwa na ugomvi na watu? Wakamwambia, hata! Kijana wa adabu, hakuwa na ubaya na mtu, mtaa mzima ulimlilia.

Praxeda akanisomea ripoti yake, polepole, sentensi moja baada ya nyingine. Kwanza, Luqmani Shekhe wa Chumbageni alikwisha kufa, kwa hiyo huyo aliyeko kwao anatumia jina la maiti. Pili, hata kama ndiye, mtu aliyependwa hivyo na majirani zake hana kitu anachokimbia.

"Mimi niliwaandikia barua," nikasema. "Niliwaambia yu hai. Niliwaambia na waliyomtenda."

"Barua yako wanayo. Na video wanayo, ile ya hitma iliyorushwa kwenye kundi la mtaa. Unaonekana umesimama na mwiko. Wanauliza hivi, dada, usinikasirikie: kama ndugu yako yu hai, ulikuwa unampikia nani?"

Nikarudi kusugua sufuria, mimi ambaye watu husema nikifa ulimi utazikwa peke yake.

"Jumatano, saa sita mchana za huko kwenu, wanamhoji kwa mara ya mwisho," akaendelea. "Wakili amewabana mpaka wamekubali kumsikiliza mzazi kwa video. Mzazi, si dada. Asipopatikana, watamrudisha."

"Watamrudisha wapi?"

"Kwenu," akasema. "Wapi tena?"

Sasa nieleze mtu anavyokufa bila kufa.

Miaka miwili nyuma Luqmani aliacha simu yake kijiweni kwa Miraji ipate chaji. Miraji akaifungua. Mlikuwa na picha za Luqmani na mwanamume mwenzake, wameegemeana ufukweni Raskazoni, picha ambazo ungeweza kuzitazama na usione kitu, ila maneno waliyoandikiana chini yake yalieleza yote. Kufika alasiri kila simu ya mtaa ilikuwa nazo. Kufika magharibi walimkamata nyuma ya ukuta wa shule, vijana sita aliokua nao tangu utotoni, wa kwanza kumpiga teke akiwa Miraji, wakamvunja mbavu mbili. Mama ndiye aliyemvua shati na kulifua. Alfajiri nikampandisha gari la Horohoro, akavuka hadi Mombasa.

Baba yetu, Mzee Shekhe, alikuwa muadhini wa msikiti wa mtaa kwa miaka thelathini. Wiki ile akitoa salamu haiitikiwi. Ijumaa akasogelea kipaza sauti aadhini, mtu akamtangulia, na hakuna aliyesema neno.

Jumatatu yake akaja chumbani kwangu, hakuketi.

"Luqmani amekufa," akasema.

"Amekufa lini? Nimezungumza naye jana usiku!"

"Amekufa asubuhi hii. Boti waliyopanda kwenda Ulaya imezama. Maiti haikupatikana."

Nikamtazama. Alikuwa anaangalia masufuria yangu, si mimi.

"Kwetu maiti hasemwi kwa ubaya, Hasina. Akisemwa hai watamsema mpaka wajukuu zetu. Akisha kufa, basi. Ni amri. Midomo itafungwa na dini yenyewe, si na mie."

"Na mama?"

"Mama yako hajui kulia kwa uongo. Usimwambie."

Ningeweza kukataa. Siku hizo nililiona jambo lile kama dawa chungu, unafumba macho unameza. Luqmani alikuwa keshaondoka, hatarudi, mama atalia, atapoa, mtaa utanyamaza. Hivyo ndivyo nilivyojiambia huku nikikaanga vitunguu. Msikitini wakamsalia sala ya ghaibu, ile inayosaliwa maiti aliye mbali, safu nne za wanaume, na waliompiga wakiwa safu ya pili.

Na ikafanya kazi, ndugu yangu, ikafanya kazi kuliko baba alivyoota. Wiki haijaisha watu wakaanza kukumbuka kwamba Luqmani alikuwa na sauti nzuri ya qaswida. Baba akarudishiwa salamu zake. Siku ya arobaini mama akazitoa sadaka nguo za mwanawe, na shati lile la buluu, lililofuliwa likatakata, likamwangukia Miraji. Alilivaa siku zote. Alilivaa, bila shaka, hata siku alipomwambia yule bwana wa begi kwamba marehemu alikuwa rafiki yake.

Luqmani nilimwambia mwenyewe, alipokuwa bado Mombasa. Alicheka. Tangu hapo kila Ijumaa akipiga swali lake lilikuwa moja: "Mama anajua?" Na mimi: "Bado."

Mama aliacha kula samaki. Mwanamke wa Tanga, mzaliwa wa pwani, aliyelelewa kwa samaki asubuhi na jioni! Nilipomletea samaki changu mara ya kwanza baada ya matanga, alimsukuma kando.

"Sijui amekula nini huyo," akasema.

Sikumletea tena. Miaka miwili nilimtazama akila ugali kwa mchicha, na ulimi wangu huu wa kuchamba watu ukakosa maneno manne tu ya kumwambia.

Jumapili asubuhi nikachukua bodaboda hadi Tongoni. Baba alihamia huko kwenye minazi ya ukoo miezi michache baada ya hitma. Kipaza sauti walikuwa wamemrudishia, ila sauti ilimkataa; kila akifika kwenye "njooni kwenye kufaulu" anakohoa. Nilimkuta anafua nazi kwenye ncha ya kifuo, makumbi yamemjaa miguuni.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Kuna msiba gani?"

Nikamweleza yote nimesimama, maana ningeketi nisingemaliza. Alifua nazi tatu wakati nasema.

"Jumatano," nikamalizia. "Dakika kumi kwenye simu. Useme tu kwamba huyu ni mwanangu, na mie ndiye niliyesema amekufa."

"Maalim Zubeiri alinisalishia," akasema. "Safu nne za Waislamu zimesimama mbele ya Mola kwa maneno yangu. Leo niseme nilimdanganya imamu, niliwadanganya wote, na juu yake nieleze kwa nini?"

"Utawaeleza wazungu, baba, si Maalim Zubeiri."

"Wazungu!" Akaitupa nazi. "Siku nzima redioni, mara wametoa tamko, mara wamekata misaada. Kama wana huruma kiasi hicho, si wampokee tu? Wanataka na mie nivuliwe nguo?"

Hapo, naungama, hata mimi nilikuwa nimejiuliza hilo. Wiki zile redio ilikuwa haiishi kusema habari za nchi moja iliyopitisha sheria ya kuwafunga maisha watu kama Luqmani, na mataifa makubwa yanalaani, na kwa Miraji kila mnywa kahawa amekuwa waziri wa mambo ya nje. Nilikuwa nawasikia nikipita na ndoo zangu. Dunia ina huruma, sikatai. Lakini ina huruma ya fomu. Lazima ulete ushahidi kwamba umechukiwa sawasawa, na aliyekuchukia atie saini.

"Baba, watamrudisha hapa. Wakimwona hapa mtaani unajua watamfanya nini."

Akainua nazi nyingine, akaishika bila kuifua.

"Mwanangu nilimzika," akasema. "Mtu hazikwi mara mbili. Nenda, jua linapanda."

Nikaondoka. Dereva wa bodaboda aliniuliza kama nimefiwa, nikamwambia aangalie barabara.

Jumatatu nilikuwa na maulidi ya watu Ngamiani, na kwa mara ya kwanza maishani nikaunguza pilau. Jumanne nikaenda kwa mama asubuhi, nikazunguka nyumba mara mbili kabla ya kubisha. Alikuwa uani, ameketi kwenye mkeka, anachagua mchele kwenye ungo. Mama yangu anaitwa Mwatumu, ni mwembamba, na anapochagua mchele usiongee naye kama huna la maana.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Kaa."

"Mama, Luqmani yu hai."

Vidole viliendelea. Akatoa jiwe moja, akalitupa. Akatoa jingine. Nikaanza kusema upya, nikidhani hakusikia, akanionya kwa mkono.

"Tangu lini?"

"Hakufa, mama. Hakuna boti iliyozama. Yuko Ulaya. Baba alisema vile ili watu wanyamaze."

"Na wewe ulijua."

"Nilijua."

"Siku ile unapika."

"Nilijua, mama."

Akauweka ungo chini taratibu, mchele usimwagike. Nilingoja anipige. Wallahi ningemshukuru. Badala yake akaniuliza swali ambalo sikulitarajia.

"Kwa hiyo hayo maji hayakuwa baridi?"

"Maji gani, mama?"

"Aliyozama. Huko kwao wanasema bahari ni baridi. Miaka miwili najiuliza kama yalimuuma kabla hajafa."

Nikalia basi, mimi mwenyewe, pale kwenye mkeka, machozi ambayo hayakuwa ya moshi. Yeye hakulia. Alikwisha kulia zamani, wakati mimi napokea pole. Nilipotulia nikamweleza kuhusu Jumatano, kuhusu bwana wa begi, kuhusu ripoti. Nikamwambia na jambo alilokuwa halijui, kwamba simu aliifungua Miraji na teke la kwanza lilikuwa lake.

"Damu ile niliifua mie," akasema. "Na maneno waliyokuwa wakiyasema niliyasikia, mie si kiziwi. Mambo yake sikuyapenda, Hasina, wala leo siyapendi, usinifanye nikasema nisilolisema. Lakini sikumzaa ili wamvunje mbavu."

"Basi kesho utazungumza nao?"

"Mwanangu yu hai, unaniuliza kama nitazungumza?"

Ndipo nikamwambia lililobaki, lile lililoninyima usingizi kuliko yote. Praxeda alikuwa amepiga tena asubuhi ile. Wakili ameonya kwamba watamuuliza mzazi swali moja mwishoni: akirudi nyumbani, utampokea? Mzazi akisema ndiyo, wataandika kwamba kijana ana familia inayomtaka, ana pa kwenda, na faili litafungwa. Kwa hiyo mama aseme hapana. Aseme simtaki, asikanyage kwangu.

Mama alinitazama kama mtu anayetazama chakula kilichochacha.

"Nimwambie usoni? Leo ndiyo nimempata, kesho nimwambie simtaki?"

"Luqmani anajua, mama, atakuwa ameambiwa. Ni maneno tu."

"Maneno tu." Akauchukua ungo tena. "Na 'amekufa' lilikuwa neno tu. Mie uongo wenu umenitosha, wewe na baba yako. Sitasema uongo, kwa mzungu wala kwa nani."

"Watamrudisha, mama!"

"Njoo kesho mapema," akasema. "Na uvae vizuri. Usije na harufu ya vitunguu."

Nilijaribu tena mchana, nikajaribu tena jioni. Nilimsihi, nikamfokea, nikamwapia, nikatoka nikarudi. Alichagua mchele wote uliokuwamo ndani ya nyumba. Kila nilipotamka "hapana" alinijibu kwa kuniuliza kama nimesali.

Jumatano alivaa kanga mpya na juu yake buibui, akapaka wanja, mama yangu ambaye hakugusa wanja tangu matanga. Niliisimamisha simu juu ya meza, nikaiegemeza kwenye chupa ya chai. Saa sita na dakika kumi ikawaka. Kwanza akaonekana afisa, mwanamke mwenye nywele nyeupe fupi, si mbaya wa sura. Kando yake mkalimani wao, mwanamume mwenye Kiswahili cha redioni. Kisha wakaigeuza kamera, akaonekana Luqmani.

Alikuwa amefuga ndevu. Koti limemzidi mabega.

"Shikamoo mama," akasema.

"Marahaba baba. Umekonda."

Mkalimani akasema wahusika wasizungumze wao kwa wao. Mama akatikisa kichwa kuonyesha amesikia, ila macho hakuyatoa pale.

"Je, unamtambua mtu huyu?"

"Ni mwanangu Luqmani, kitinda mimba wangu."

"Mbona familia yako ilitangaza kwamba amefariki?"

"Mie sikutangaza. Niliambiwa, nikaamini, nikakaa matanga. Aliyesema ni baba yake. Aliyenyamaza ni dada yake, huyu hapa." Akaigeuza simu ikanitazama mimi. "Wajibu wewe. Waliuliza ulikuwa unampikia nani."

Sikuwa nimejiandaa. Nilikuwa nimejiandaa kumnong'oneza yeye, si kusema mimi. Nikamwona Luqmani ananitazama, na mama pembeni ananitazama.

"Nilikuwa nawapikia waliompiga," nikasema. "Ili washibe wanyamaze. Wakashiba. Huyo mtu wenu alipokuja kuuliza, aliwakuta bado wameshiba. Ndiyo maana walimsifu. Kwetu maiti husifiwa, hata na aliyemvunja mbavu."

Mkalimani alichukua muda mrefu kulitafsiri hilo. Yule afisa akaacha kuandika, akaniangalia, akaandika tena. Akauliza majina, nikampa majina. Akauliza ukuta wa shule uko wapi, nikamwelekeza. Kisha simu ikarudi kwa mama, na swali likaja kama tulivyoambiwa.

"Bibi Mwatumu, mwanao akirudi Tanzania, wewe utampokea?"

Nikaushika mguu wa mama chini ya meza. Nikaufinya. Hapana, nilikuwa namwambia kwa vidole, sema hapana. Luqmani alikuwa ameinamisha kichwa, anangoja asikie mama yake akimkana kwa faida yake.

"Luqmani, inua uso," akasema mama. Mkalimani akataka kumkatiza, afisa akamzuia kwa mkono. "Nitampokea. Mlango wangu huu hapa, kitanda chake hiki, nitampokea kwa mikono miwili."

Nikafumba macho.

"Lakini mikono yenyewe ni hii," akaendelea, na nilipofumbua nikaona ameinyanyua mbele ya simu, mikavu, ina mishipa. "Walipompiga mikono hii ilifua shati, basi, ndicho ilichoweza. Baba yake amemzika. Msikiti umemsalia. Mtaa huu, akitokea leo, ni maiti ametoka kaburini, na wakimuua nani atawauliza? Marehemu anauawa mara ya pili? Mie nampenda. Ndiyo maana nawaomba, msinirudishie."

Mkalimani alipoanza kutafsiri, Kiswahili chake cha redioni hakikumsaidia na Kizungu chake nacho kilikwaruza. Luqmani alikuwa amejifunika uso kwa mikono na mabega yanatikisika ndani ya lile koti kubwa. Afisa akasema ahsante. Akasema watajulishwa. Simu ikazima.

Wiki tano tukangoja. Sijui nilizipitisha vipi. Najua tu kwamba hakuna sufuria Chumbageni lililong'aa kama yangu. Mama hakuniambia neno lisilo la lazima. Kwa baba hakutuma ujumbe. Mara moja nazi kumi zilikutwa mlangoni alfajiri, zimefuliwa safi, na mama akazigawa zote kumi kwa majirani. Nilimnunulia changu, nikadhani sasa atakula.

"Bado," akasema. "Hawajamtoa majini."

Alhamisi moja Praxeda akapiga, analia na kucheka. Wamekubali. Amepewa karatasi ya kukaa miaka mitano. Nikakimbia na kandambili moja mguuni mpaka kwa mama. Alisikiliza, akasema alhamdulillahi mara tatu, akajitanda kanga, akatoka. Nikamfuata.

Akaenda moja kwa moja kijiweni kwa Miraji. Ilikuwa baada ya alasiri, wanaume kumi na kitu wamekaa kwenye mabenchi. Miraji alikuwa anamimina kahawa, amevaa shati la buluu.

"Shikamoo bibi," akasema. "Karibu kahawa."

"Vua shati," akasema mama.

"Bibi?"

"Nililitoa sadaka ya maiti. Maiti hayupo. Luqmani yu hai, nimemwona kwa macho yangu, ana ndevu. Vua."

Hakuna aliyecheka. Mzee mmoja akatamka audhubillahi. Miraji akaangalia huku na huku, akatafuta mtu wa kumtetea, wote wakawa wanachungulia vikombe vyao. Akaanza kufungua vifungo. Kifungo cha mwisho kikamshinda, mama akamfungulia mwenyewe kama anavyomfungulia mtoto. Akalikunja shati vizuri, mikono ndani, kola juu, akalitia kwapani. Miraji akabaki na fulana yake yenye tundu, birika mkononi.

"Sasa msemeni," mama akawaambia. "Si maiti tena."

Na walimsema. Midomo ilifunguka siku hiyo hiyo, wakamsema yeye, wakatusema sisi, wakamsema baba mpaka Tongoni. Juma lile shughuli mbili zilizokuwa zimeniweka zikaniweka kando. Maalim Zubeiri alikuja kwa mama, akaketi, akanywa chai, akatoka bila kuuliza alilokuja kuuliza. Lakini hayo yote yalikuwa bado mbele. Jioni ile sisi tulipitia sokoni, mama akachagua changu mwenyewe, akamfungua mashavu, akamnusa, akapatana bei.

Nilitaka kumpokea jikoni. Akanikatalia. Alimpara samaki mwenyewe, akamtia chumvi na ndimu, akamkaanga, akanitilia kipande changu kwenye sahani na kikubwa akakiweka kwake. Shati lilikuwa limekunjwa kando yake kwenye mkeka. Akala taratibu, akitoa mifupa, mpaka akamaliza na kichwa. Mimi nilikuwa nimekaa. Kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi ile ya simu, nilikuwa nimekaa na sitaki kuinuka.

Akanawa mikono, akajifuta.

"Hasina."

"Labeka mama."

"Siku yangu mie ikifika," akasema, bila ukali wowote, "tafuta mpishi mwingine."